Mpangaji Naye Ana Kwao

Julai, upepo wa Matogoro ukishaanza kushuka, watu wa Songea huondoka barazani wakahamia uani, penye jiko. Mjadala huu nauweka hapo uani. Nyumba iko Bombambili: vyumba sita, korido katikati, choo na bafu nyuma, bomba moja, mita moja ya umeme. Nimewakalisha watu wanne kulizunguka jiko, na majina yao nimeyaacha kwa kuwa nafasi zao zinatosha kuwatambulisha.

Mwenye Nyumba ni mama mjane aliyejenga kwa fedha ya mahindi. Mpangaji ni mwalimu wa shule ya msingi, na anaishi chumba na sebule kwa mama huyo, huu mwaka wa nne. Muuguzi ni mtoto wa dada yake mama. Anafanya kazi karibu na Stuttgart, kusini mwa Ujerumani, na yuko nyumbani likizo. Seremala ni mzee aliyejifunzia ufundi Peramiho, kwenye karakana za Wabenedikto wa Kijerumani, na milango yote ya nyumba hii ni kazi ya mikono yake.

Hoja ameileta Mpangaji: mpangaji wa Ujerumani ana amani kuliko mpangaji wa Songea. Kuna jambo jingine ambalo wote wanne wanalijua na hakuna aliyelitaja. Wiki iliyopita mtu mmoja alishuka kwenye gari, akakipima kiwanja hiki kwa hatua, akaongea na mama kwa sauti ya chini, akaondoka.

MPANGAJI: Shikamoo mzee, shikamoo mama. Naanza kwa kuwa hoja ni yangu. Nilipohamia Songea nikitokea Tunduru, dalali alinizungusha siku mbili, Lizaboni, Msamala, Mjimwema, na kila alipofungua mlango nilimlipa. Nilipopata chumba nikampa kodi ya mwezi mmoja iwe yake, kisha nikampa mwenye nyumba wa wakati ule kodi ya miezi sita taslimu. Mshahara wangu unakuja mwezi kwa mwezi, kodi inadaiwa nusu mwaka kwa mkupuo. Nilikopa. Mwezi wa tano nikaambiwa mtoto wa mwenye nyumba anaoa, kile chumba kinahitajika, nimepewa wiki mbili. Mkataba ulikuwa wa mdomo. Nikapakia kitanda kwenye guta mchana kweupe, wanafunzi wangu wakinitazama. Mtu anayeishi hivyo, kwao ni wapi?

MWENYE NYUMBA: Marahaba mwalimu. Umesema kweli, lakini hujaimaliza. Nyumba hii haikuota kama uyoga. Marehemu mume wangu na mimi tulilima mahindi Namtumbo. Kila mavuno tunatoa magunia kadhaa, tunanunua tofali, msimu mwingine bati kumi, msimu mwingine hakuna kitu kwa sababu bei imeanguka. Miaka kumi na minne. Hakuna benki iliyotukopesha. Hiyo miezi sita unayoilalamikia ndiyo inayonunua bati paa likivuja, maana kodi ya mwezi mmoja mmoja huishia kwenye sabuni na chumvi. Na wapangaji nao nimewaona. Yupo aliyeondoka usiku na deni la maji la miezi mitatu, ufunguo kauacha mlangoni. Yupo aliyeng'oa hadi swichi. Nikamshitaki wapi? Mtumishi wa serikali akistaafu ana kiinua mgongo. Mimi nina vyumba sita.

SEREMALA: Mmeshaanza kwa madeni, na mgeni bado hajasema. Mjukuu wangu, hebu tueleze. Huko mnakaaje?

MUUGUZI: Babu, kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba kupanga si aibu. Zaidi kidogo ya nusu ya watu wa Ujerumani wanaishi nyumba za kupanga, na katika Umoja wa Ulaya hakuna nchi inayowapita kwa hilo. Daktari ninayefanya naye kazi amepanga. Mzee wa jengo letu amekaa nyumba ileile ya kupanga miaka zaidi ya thelathini, amelea watoto humo. Kwetu mtu akifika miaka arobaini hajajenga, huulizwa mpaka msibani.

MPANGAJI: Kwa nini iwe hivyo? Hawataki kujenga?

MUUGUZI: Vita vya pili vya dunia vilibomoa miji yao. Watu walikuwa wengi, paa hakuna. Mwaka 1950 Ujerumani ya Magharibi ikatunga sheria ya kujenga nyumba kwa msaada wa serikali, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za kupangisha, za watu wa kipato cha kawaida. Sasa kama nusu ya nchi inapanga, mpangaji si mtu wa kando tena. Sheria ikimtupa, imeitupa nusu ya nchi.

MWENYE NYUMBA: Na wewe uliipataje ya kwako? Maana kwenye simu ulikuwa unalia.

MUUGUZI: Nililia kweli, mama mdogo. Nilitafuta miezi minane. Unapeleka hati za mshahara za miezi mitatu, barua ya mwenye nyumba wa zamani kwamba humdai wala hakudai, na karatasi ya Schufa, taasisi inayotunza kumbukumbu za madeni ya watu. Siku ya kuona nyumba mnapanga foleni kwenye ngazi, watu hata thelathini, kila mmoja faili kwapani. Nilipopata, nikafungua mlango. Hakuna jiko, hakuna sinki, hakuna taa. Nyaya zinaning'inia darini. Aliyehama amehama na kabati zake za jikoni na sinki lake.

SEREMALA: Mtu anahama na sinki?

MUUGUZI: Ndiyo, babu, nyumba nyingi huko ndivyo zilivyo. Wiki tatu nilipika kwa jiko la umeme la sahani moja, chini sakafuni. Niliona ni ukatili. Baadaye nikaelewa: mtu hanunui sinki na kulifunga ukutani kama anajua atatolewa mwezi wa tano. Wananunua kwa sababu wanakaa.

MPANGAJI: Mzee, hapo ndipo penye hoja yangu. Mimi kwa mama hapa sijapigilia hata msumari wa kutundika picha ya harusi yangu. Si kwamba mama amenikataza. Sijui nitakuwepo mpaka lini.

MWENYE NYUMBA: Endelea na kodi, mwanangu. Wanalipa miezi mingapi?

MUUGUZI: Mwezi mmoja, mwanzoni mwa mwezi, benki kwa benki. Kuna kodi wanayoiita baridi, ya nyumba tupu, na kodi wanayoiita ya moto, ambayo ndani yake kuna maji, takataka, mara nyingi na joto la kupasha nyumba. Mwisho wa mwaka mwenye nyumba anakuletea hesabu ya vile vya nyongeza. Ulitumia kidogo, unarudishiwa. Ulizidisha, unalipa. Mwaka wa kwanza nilizidisha, maana nilikuwa naacha mashine ya joto ikiwaka na dirisha limefunguliwa kidogo siku nzima. Wajerumani wanafungua madirisha wazi kabisa dakika chache, hata theluji ikianguka, kisha wanafunga. Wengine wanaliandika hilo kwenye mkataba, kwa sababu nyumba isipopumua ukuta huota ukungu.

SEREMALA: Ajabu. Mabruda wa Peramiho walinifundisha kutengeneza dirisha linalofunga hata upepo usipenye. Sasa naambiwa kwao somo kubwa ni kulifungua.

MWENYE NYUMBA: Na mwenye nyumba analindwaje? Mpangaji aking'oa swichi?

MUUGUZI: Kuna amana. Sheria inasema isizidi kodi baridi ya miezi mitatu, na mpangaji anaruhusiwa kuilipa kwa awamu tatu. Fedha ile si ya mwenye nyumba kutumia. Inawekwa akaunti ya pembeni, na faida yake ni ya mpangaji. Siku ya kuingia mnazunguka nyumba pamoja na karatasi: ukuta huu una mkwaruzo, bomba hili linadondosha, mita inasoma hivi. Mnatia saini wote wawili. Siku ya kutoka mnazunguka tena na karatasi ileile. Swichi iliyokosekana inakatwa kwenye amana.

MWENYE NYUMBA: Hilo nimelipenda. Na asiyelipa?

MUUGUZI: Akifikisha deni la miezi miwili unaweza kuvunja mkataba mara moja. Lakini huwezi kubadilisha kitasa akiwa kazini, wala kumtolea vyombo nje. Unakwenda mahakamani, na mwenye kutoa mtu ni mtumishi wa mahakama.

MPANGAJI: Na anayelipa vizuri?

MUUGUZI: Huyo hatolewi bila sababu inayotambuliwa na sheria. Mwenye nyumba akihitaji kuishi humo yeye au jamaa yake wa karibu, hiyo ni sababu, hata mtoto anayeoa anaingia humo. Lakini aithibitishe kwa maandishi, na atoe muda. Miezi mitatu kwa mpangaji mpya, sita kwa aliyekaa zaidi ya miaka mitano, tisa kwa aliyekaa zaidi ya minane. Mpangaji akitaka kuhama mwenyewe, ni miezi mitatu tu siku zote. Mwaka 1993 Mahakama ya Katiba yao ilisema kwamba haki ya mpangaji kukaa katika nyumba aliyopanga ni mali yake, inalindwa na katiba kama mwenye hati anavyolindwa hati yake.

MPANGAJI: Na nyumba ikiuzwa?

Hapa jiko lilisikika. Mama aliinamisha macho, akageuza makaa ambayo hayakuhitaji kugeuzwa.

MUUGUZI: Ikiuzwa, mkataba haufi. Anayenunua nyumba ananunua na mkataba uliomo. Kodi ni ileile, muda ni uleule, isipokuwa jina la anayepokea. Hiyo imo kwenye sheria yao kuu ya madai, iliyoanza kutumika Januari 1, mwaka 1900.

SEREMALA: Rudia mwaka.

MUUGUZI: 1900, babu.

SEREMALA: Basi nipeni nafasi, maana mwaka huo tunaujua huku. Mwaka 1900 Wajerumani walikuwa hapa hapa Songea, na boma lao. Miaka miwili nyuma walikuwa wameshaanza kukusanya kodi ya nyumba: rupia tatu kwa kila nyumba ya kijijini. Mngoni aliyekata miti mwenyewe, akakandika udongo mwenyewe, akaezeka nyasi mwenyewe, akadaiwa kulipia paa lake. Asiye na rupia akafanye kazi. Angalieni Kiswahili chetu kilivyohifadhi jambo hilo. Unayolipa serikalini ni kodi, unayolipa kwa mwenye nyumba ni kodi. Babu zetu waligeuzwa wapangaji wa Kaiser ndani ya nyumba walizojenga kwa mikono yao. Kisha ikaja vita ya Majimaji, 1905 mpaka 1907, na vijiji vikachomwa pamoja na maghala. Watu wakafa njaa kwenye ardhi yenye rutuba kama hii. Februari 27, 1906 walinyongewa hapa mashujaa wetu, na ndiyo maana kila mwaka tarehe hiyo tunakusanyika Makumbusho ya Majimaji, pale Mahenge. Mimi nimekula mkate wa Peramiho, na ufundi nilioupata kwa Wajerumani umesomesha watoto wangu. Sina chuki. Lakini nikiambiwa Mjerumani ndiye mwalimu wa haki ya nyumba, mdomo wangu hauitiki.

MUUGUZI: Babu, sikusema wao ni wema kuliko sisi. Sheria ile ilibaki kwao, haikupandishwa meli. Kilichopandishwa meli ni kodi. Ndiyo maana Novemba 2023 Rais wao, Steinmeier, alikuja hapa Songea akaomba msamaha. Na hata kwao haki hiyo haikudondoka mbinguni. Mwaka huohuo wa 1900 vyama vya wapangaji wa miji mbalimbali viliungana kuwa shirikisho moja, nalo lipo hadi leo. Mimi ni mwanachama wa chama cha mji wangu. Nalipa ada kwa mwaka, na barua ya mwenye nyumba nisiyoielewa nawapelekea wanasheria wao waisome. Haki ile waliidai watu waliokuwa wanapakia vitanda kwenye mikokoteni kama mwalimu.

SEREMALA: Kama ni ya waliopakia vitanda, basi tunaweza kuitazama bila kuinama.

MWENYE NYUMBA: Na mimi niulize la kwangu. Mnasifu sheria. Kuishi kwenyewe je? Mwaka ule ulipougua, nani alikugongea?

MUUGUZI: (Baada ya kimya.) Siku tatu hakugonga mtu, mama mdogo. Nilikuwa na homa, nasikia viatu vya majirani kwenye ngazi, vinapanda, vinashuka. Kule mtu hagongi bila kuahidiana. Saa nne usiku mpaka alfajiri ni kimya. Jumapili ni kimya kutwa, huruhusiwi kutoboa ukuta wala kukata majani kwa mashine. Hata chupa tupu hupeleki kwenye pipa la vioo siku hiyo, kwa ajili ya mlio wake. Jumapili imelindwa mpaka kwenye katiba yao. Nilikaanga dagaa wa Nyasa alionitumia mama, nikakuta kikaratasi mlangoni, kimeandikwa kwa adabu sana, kinaniomba nifungue dirisha la nje na nifunge mlango wa ngazi. Nililia kuliko siku ile ya sinki. Ningetamani aje anigombeze uso kwa uso, nimpe na yeye aonje.

MWENYE NYUMBA: Umeona! Mwalimu, mkeo alipojifungua usiku, nani alitafuta bajaji? Nani alikaa na yule mkubwa? Ulinilipa? Hicho nacho kiandikwe kwenye hoja yako.

MPANGAJI: Kiandikwe, mama. Sikukisahau. Mtoto wangu anakuita bibi, na si kwa sababu ya kodi.

MUUGUZI: Lakini nisiwadhulumu. Yule bibi wa kikaratasi ndiye anayepokea vifurushi vyangu nikiwa zamu ya usiku, ananitunzia mpaka nirudi. Huko jirani kupokea mzigo wa jirani ni kawaida. Na kuna zamu. Upande wetu wa Stuttgart wanaiita Kehrwoche, wiki ya kufagia. Kibao kinatundikwa mlangoni kwako, wiki hiyo ngazi na njia ni zako. Ukimaliza unakitundika kwa jirani. Siku ya kwanza nilipokiona nilicheka peke yangu, nikakumbuka karatasi iliyobandikwa kwenye korido hii: Jumatatu chumba namba moja, Jumanne namba mbili.

SEREMALA: Basi kumbe kufagia kwa zamu hakuna taifa.

MUUGUZI: Hakuna, babu. Ugumu wangu mkubwa haukuwa ufagio, ulikuwa jina. Nikiandika barua pepe kwa jina langu kamili, kimya. Rafiki yangu Mjerumani akiandika maneno yaleyale, anaitwa kuona nyumba. Nilidhani ni kisirani changu. Kumbe mwaka 2017 waandishi wa habari wa Bayerischer Rundfunk na jarida la Der Spiegel walituma maombi karibu 20,000 ya nyumba katika miji kumi, kwa majina ya kubuni, mengine ya Kijerumani na mengine ya kigeni. Wenye majina ya Kiarabu na ya Kituruki walirukwa mara nyingi mno. Sheria ya kukataza ubaguzi wanayo tangu 2006. Mwenye nyumba anayenyamaza tu, sheria inamshika wapi?

MPANGAJI: Na sisi? Mama, samahani kwa nitakachosema. Pale Mjimwema niliambiwa wenye watoto hatupangishi. Mwalimu mwenzangu, dada asiyeolewa, alizunguka mwezi mzima. Kila alipofika swali la kwanza ni mume yuko wapi. Wengine huuliza kabila, wengine dini, kabla hata ya salamu kuisha.

MWENYE NYUMBA: Sitakudanganya, na mimi huuliza kama mtu ana mume. Naogopa fujo za wageni usiku.

MUUGUZI: Yule aliyelisoma jina langu akafuta barua, mama mdogo, naye alikuwa anaogopa kitu.

Mama hakujibu. Alimimina togwa kwenye vikombe, akaanza na cha Mpangaji.

MPANGAJI: Tusizungumze kana kwamba hatukuwahi kuwa na sheria. Tulikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilimwekea mipaka mwenye nyumba kupandisha kodi, ikamlinda mpangaji asitolewe kiholela. Ikafutwa mwaka 2005. Imebaki Sheria ya Ardhi ya 1999, na mabaraza. Kata hupatanisha, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya huamua. Lakini unakwenda barazani na nini, kama mkataba ulikuwa wa mdomo na risiti hukupewa?

MWENYE NYUMBA: Ile sheria ya zamani msiitamani yote. Kodi ikifungwa huku simenti inapanda, nani atajenga? Nisipojenga mimi, mwalimu analala wapi?

MUUGUZI: Mama mdogo ana hoja, na hata kule wanagombana kwa hilo. Sheria yao inasema ndani ya miaka mitatu kodi isipande zaidi ya asilimia 20, na kwenye miji yenye uhaba wa nyumba ni 15. Berlin walitaka kwenda mbali zaidi, mwaka 2020 wakafunga kodi kabisa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Katiba ikaitengua sheria hiyo, ikisema jimbo halikuwa na mamlaka ya kuitunga. Bei hawajaimaliza, na nyumba hazitoshi. Ila dalali wamempatia jibu: tangu Juni 2015 anayemwita dalali wa nyumba ya kupanga ndiye anayemlipa. Mwenye nyumba akimtuma, mpangaji hatoi senti.

SEREMALA: Nawasikiliza toka jioni, na naona mnabishana juu ya vitu viwili kama ni kimoja. Kuna bei, na kuna siku. Bei itategemea mahindi na simenti, tutaigombania mpaka tuzeeke. Lakini siku haina gharama. Kumwambia mtu utakaa mpaka lini, na ukimhitaji kutoka umwambie mapema, hakuhitaji benki wala Ulaya. Mimi nikichukua kazi ya mlango natoa siku. Nisipotoa siku, mteja halali. Mama, mwalimu halali. Na wewe unajua kwa nini.

MWENYE NYUMBA: Najua, kaka. (Anaweka kikombe chini.) Yule mtu wa gari anataka nyumba. Bei yake nzuri, na mimi miguu hii haiwezi tena kupanda kwenye paa. Ila anasema anaitaka tupu, mwezi ujao.

MPANGAJI: Nilijua, mama. Nilimsikia. Ndiyo maana nilileta hoja ya Ujerumani, nikashindwa kuleta ya Bombambili.

Hapa nawasimamisha, niseme langu.

Nimepanga nyumba maisha yangu yote ya kazi, na jambo hili linaniuma. Tunapozungumza habari za Ujerumani tunashika haraka yale ya kushangaza: mapipa ya takataka ya rangi rangi, kimya cha Jumapili, mtu kuhama na sinki. Hayo ni desturi, na kila watu wana zao. Ninachokitaka kwao ni kimoja, nacho Muuguzi amekitaja mara tatu bila kukipa jina: mpangaji wao anajua siku yake. Anajua kwamba akilipa na kutunza, hakuna atakayemwondoa bila sababu na bila muda, hata nyumba ikibadilisha mmiliki. Kwa kujua hilo ananunua sinki, anapigilia msumari, anaandikisha mtoto shule iliyo jirani. Nyumba inageuka kwao siku hiyo, wala haikungoja hati.

Na ninachokiogopa kwao ni hicho alichokitaja mama. Sheria inaweza kumzuia mtu asikutoe, lakini haiwezi kumtuma akugongee una homa. Hilo tunalo uani kwetu, na wapangaji wengi wa Songea wamelipokea kwa wenye nyumba walewale waliowadai miezi sita kwa mkupuo. Ubaya ni kwamba tumeutumia wema huo kuziba pengo la karatasi. Tunamwambia mpangaji yeye ni mtoto wa nyumba, hivyo mkataba wa nini. Halafu anapokuja mwenye gari, mtoto wa nyumba anakuwa mzigo wa kuondolewa. Mtu aliyekaa na mtoto wako usiku wa uchungu wa mkeo anastahili karatasi kuliko mgeni, na wewe unastahili karatasi yake.

Karatasi hiyo ni ukurasa mmoja. Iandikwe kwa Kiswahili, isainiwe wawili mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mpangaji mpya anapaswa kujulikana hata hivyo. Iseme kodi na risiti, ioneshe hali ya chumba siku ya kuingia, itaje muda wa kupeana taarifa, na iseme nyumba ikiuzwa itakuwaje. Hatungoji Bunge kwa hayo. Lakini Bunge nalo lisikie: tangu 2005 wapangaji wa nchi hii wanaishi kwa kutegemea roho ya mwenye nyumba, na roho ya mtu mwema nayo huchoka, miguu ikiuma na mnunuzi akiwa na bei nzuri.

Narudi uani. Makaa yamekuwa majivu, na baridi imeshafika kwenye magoti.

MWENYE NYUMBA: Mwanangu, ile karatasi yenu ya kuzunguka nyumba, unaikumbuka ilivyoandikwa?

MUUGUZI: Naikumbuka, mama mdogo.

MWENYE NYUMBA: Kesho kabla hujaenda Peramiho uniandikie. Vyumba vyote sita. Na uandike kwamba wenye vyumba hawa wamelipa mpaka Desemba, na baada ya Desemba wana miezi mitatu ya kutafuta. Yule mtu akija nitampa asome. Akiitaka nyumba hivyo, aje. Akiitaka tupu, atafute iliyo tupu.

SEREMALA: Na asiporudi?

MWENYE NYUMBA: Asiporudi, kaka, wewe utanipandia kwenye paa.

Mpangaji hakusema asante. Alisimama, akavibeba vikombe kwenda bombani, kisha akamwuliza mzee kama ana msumari wa inchi mbili.